Shule Isiyo na Kilatini: Kuanzishwa kwa Shirika la Ndugu wa Shule za Kikristo, 1679–1725

Miongoni mwa mashirika ya watawa wa Kikatoliki yaliyojitolea kufundisha, Ndugu wa Shule za Kikristo, walioanzishwa na Jean-Baptiste de La Salle huko Ufaransa mwishoni mwa karne ya 17, wana jambo moja ambalo wanahistoria wa Kanisa wamezoea kulipita upesi na ambalo mwanaisimu hana sababu ya kulipita hivyo. Shirika lao lilipiga marufuku Kilatini. Kanuni iliwakataza kukifundisha, na yule aliyekuwa amekisoma kabla ya kujiunga nao alitakiwa aishi kana kwamba hakijui. Katika Ulaya ya wakati ule Kilatini kilikuwa lugha ya ibada, ya chuo kikuu, ya sheria za Kanisa na ya uganga wa kitaaluma. Kukiacha kwa hiari kulikuwa sawa na kujifungia mlango wa heshima kwa mkono wako mwenyewe. Kwamba jambo hilo liliamuliwa na mtu aliyekuwa na shahada ya udaktari wa theolojia, aliyekisoma na kukiandika Kilatini tangu utotoni, ni fumbo linalohitaji kufumbuliwa.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba marufuku hiyo ilikuwa fundisho la unyenyekevu. Maelezo hayo si ya uongo, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili imo katika hesabu ya kawaida kabisa: ni miaka mingapi mtoto wa maskini anaweza kukaa shuleni kabla ya wazazi wake kuihitaji mikono yake, na ni nini kinachoweza kufundishwa katika miaka hiyo.

Kuhusu jina, Wakenya huwaita watawa wa aina hii mabradha na Watanzania huwaita mabruda, nao wote wawili wamekopa. Neno la Kifaransa walilojichagulia wenyewe lina maana ya ndugu tu, bila zaidi, na kwa kuwa Kiswahili kina neno lake lenye uzito uleule, ndilo litakalotumika hapa. Ndugu hao wamefika Kenya pia, na wamekuwa na sehemu katika kuwaandaa walimu huko Tangaza, Nairobi. Lakini habari yao inaanzia Reims, mji wa wafuma sufu katika jimbo la Champagne.

De La Salle alizaliwa mjini humo tarehe 30 Aprili 1651, mtoto wa kwanza wa hakimu Louis de La Salle na Nicole Moët. Ilikuwa nyumba ya watu wenye cheo na mali. Alipokuwa na umri wa miaka 15 alipewa kiti cha ukanoni katika kanisa kuu la Reims, mahali ambapo wafalme wa Ufaransa walikuwa wakitawazwa. Kiti hicho kilikuwa na mapato ya kudumu na kazi isiyochosha. Mwaka 1670 alikwenda kusoma seminari ya Saint-Sulpice, Paris. Kabla ya miaka miwili kwisha alikuwa amefiwa na mama na kisha baba, akarudi nyumbani kuwalea wadogo zake na kusimamia mirathi. Alipata upadre mwaka 1678 na udaktari wa theolojia mwaka 1680. Hakuna lolote katika maisha hayo lililomwelekeza kwenye shule za maskini.

Aliingia humo kwa mlango wa pembeni. Kanoni mwenzake, Nicolas Roland, aliyekuwa mshauri wake wa kiroho, alikuwa ameanzisha shirika la masista la kuwafundisha wasichana maskini. Roland alipokaribia kufa mwaka 1678 alimwachia De La Salle kazi ya kulikamilishia shirika hilo kibali cha serikali. Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi, akiwa mlangoni pa nyumba ya masista hao, alikutana na mtu aitwaye Adrien Nyel aliyetoka Rouen akiwa na barua na ahadi ya fedha kutoka kwa mwanamke tajiri mwenye asili ya Reims, Bi Maillefer, aliyetaka shule ya bure ya wavulana ifunguliwe katika mji wake wa kuzaliwa. De La Salle alimpa Nyel malazi na ushauri. Shule ikafunguliwa katika parokia ya Saint-Maurice mwezi wa Aprili 1679. Kanoni alidhani kazi yake imeishia hapo.

Nyel alikuwa mtu wa kufungua shule, si mtu wa kukaa nazo. Hamu yake ilikuwa daima katika shule itakayofuata, na walimu aliowaacha nyuma yake walikuwa vijana wasio na mafunzo, wasio na utaratibu, na ambao baadhi yao walikuwa wameshika kazi hiyo kwa kukosa nyingine. De La Salle alianza kuwaangalia kidogo kidogo: kwanza akawatafutia nyumba karibu na kwake, kisha akawakaribisha mezani pake, na mwezi wa Juni 1681 akawaleta kuishi nyumbani mwake. Baadaye aliandika kwa uwazi usio wa kawaida kwamba hapo mwanzo aliwaona walimu hao kuwa chini ya mtumishi wake wa chumbani, na kwamba wazo la kuishi nao lingemtisha kama angelijua mapema linakompeleka. Jamaa zake hawakungoja. Waliona aibu mwana wa ukoo wao kula sahani moja na walimu wa vitoto vya maskini, na wadogo zake waliokuwa chini ya malezi yake wakaondolewa. Mwezi wa Juni 1682 aliiacha nyumba ya ukoo, akahamia pamoja na walimu katika nyumba ya kupanga.

Hapa ndipo lilipotokea tukio ambalo, pengine kuliko lingine lolote, lililipa shirika hili tabia yake. Walimu walikuwa na wasiwasi: shule zikifungwa, au wao wakizeeka, watakula nini? De La Salle aliwahubiria juu ya kutegemea Maongozi ya Mungu. Wakamjibu kwamba kwake yeye ni rahisi kusema hivyo, kwa kuwa ana mali na ana ukanoni; mradi ukianguka yeye atabaki palepale alipo, ilhali wao watakuwa ombaomba. Hakuwa na jibu. Watu wengi wenye madaraka, wakiambiwa maneno kama hayo na walio chini yao, hutafuta hotuba nyingine. Yeye alitafuta ushauri kwa padre Nicolas Barré, ambaye naye alikuwa mwanzilishi wa shule za maskini, na ushauri aliopata ulikuwa mkali. Mwaka 1683 alijiuzulu ukanoni, akamwachia kiti hicho padre maskini badala ya ndugu yake wa damu kama ilivyotarajiwa. Katika njaa iliyofuata aliigawa mali yake iliyobaki kwa njia ya mikate, mpaka naye akawa hana kitu. Inafaa kusisitizwa kwamba hakuitumia mali hiyo kuyawekea mashule yake akiba, jambo ambalo akili ya kawaida ingeshauri. Alitaka walimu wasiwe na mfadhili nyumbani mwao. Alitaka wawe na mwenzao.

Kutokana na hapo mambo mengine yalifuata kwa mantiki. Walimu walijiita Ndugu, jina lililofuta tofauti baina yao na lililowaeleza pia jinsi ya kuwatazama wanafunzi wao. Walivaa kanzu nyeusi ya kitambaa duni, na juu yake joho zito lenye mikono inayoning'inia, mfano wa mavazi ya wakulima wa Champagne, wala si mavazi ya kipadre wala ya kiungwana. Mwaka 1686 baadhi yao waliweka nadhiri ya utii. Hawakuwa mapadre, na hawakuwa walei wa kawaida. Hata Kanisa lenyewe lilikawia kujua liwaweke katika fungu gani.

Ni lazima ielezwe kwamba hapo mwanzo De La Salle hakuwa amekusudia kuwazuia wote upadre. Kulikuwa na Ndugu mmoja hodari, Henri L'Heureux, ambaye alimwandaa awe padre na baadaye mkuu wa shirika, na kwa ajili hiyo alimsomesha. Mwaka 1690, alipokaribia kupewa daraja, L'Heureux aliugua ghafla akafa. De La Salle aliipokea huzuni hiyo kama ishara, akaamua kwamba shirika halitakuwa na mapadre. Sababu alizozijenga juu ya uamuzi huo zilikuwa za kiutendaji zaidi kuliko za kiroho. Padre ana misa, ana mazishi, ana mahubiri. Siku moja atawaacha watoto mezani ili aende kanisani. Na palipo na mapadre wawili watatu kati ya Ndugu 20, hao wawili watatu watakuwa wakubwa na waliobaki watakuwa watumishi wao. Mwaka 1694, Ndugu 12 walipoungana naye kuweka nadhiri za maisha, walimchagua yeye kuwa mkuu ingawa alikuwa padre, lakini walitia sahihi hati ya kusema kwamba baada yake hakuna padre atakayechaguliwa.

Marufuku ya Kilatini ililinda mpaka huo. Asiyejua Kilatini hawezi kupewa upadre, na mwalimu asiyekifundisha hatavutwa na watoto wa matajiri wanaojiandaa kwa vyuo. Hadi hapo maelezo yaliyozoeleka yanatosha. Lakini Kilatini kilikuwa na mahali pengine, chini kabisa ya ngazi ya elimu, na huko ndiko De La Salle alikopambana nacho kwa hoja za lugha.

Katika shule nyingi za Ufaransa ya karne ya 17, mtoto alianza kusoma kwa Kilatini. Kitabu chake cha kwanza kilikuwa na silabi za Kilatini, kisha sala za Kilatini, kisha Zaburi za Kilatini. Kifaransa kilifuata baadaye. Mtoto wa Lamu au Mombasa aliyeanza chuoni kwa alifu na ujiti angeutambua utaratibu huo: kutamka kunatangulia, maana huja baadaye kwa wale wanaobahatika kufika mbali. Tofauti iliyopo si ndogo, hata hivyo. Chuoni, kuyasoma maneno matakatifu kwenyewe ni ibada, na hakuna aliyedai kwamba ndiyo njia ya kumfundisha mtoto kuandika hati ya deni. Ufaransani Kilatini kilishikilia kazi zote mbili, ile ya sala na ile ya kufundishia herufi kwa mahitaji ya dunia.

Watetezi wa Kilatini hawakuwa wajinga. Tahajia ya Kilatini ni nyofu. Kila herufi hutamkwa, na kila mara hutamkwa karibu vilevile. Tahajia ya Kifaransa imejaa herufi zilizokufa, zinazoandikwa bila kusikika. Kwa nini basi mtoto asianze na ile iliyo rahisi kwa macho? Hoja hiyo ina nguvu yake, na mtu yeyote aliyewahi kumfundisha mtoto kusoma Kiswahili na kisha Kiingereza anaielewa mara moja. Mtoto wa Afrika Mashariki ana bahati ambayo mtoto wa Reims hakuwa nayo: katika Kiswahili unyofu wa tahajia na ukaribu wa lugha hukutana mahali pamoja kwa watoto wengi. Mtoto wa Reims ilimbidi achague kimojawapo.

De La Salle alichagua ukaribu. Askofu wa Chartres, Paul Godet des Marais, aliyekuwa rafiki yake wa zamani na aliyewaita Ndugu mjini kwake mwaka 1699, alitaka Kilatini kitangulie kama desturi ilivyokuwa. De La Salle alimpelekea hoja zake kwa maandishi. Alieleza kwamba kusoma Kifaransa kuna faida pana zaidi, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo watu wataitumia siku zote. Kwamba mtoto hujifunza upesi zaidi kusoma maneno anayoyafahamu kuliko asiyoyafahamu. Kwamba anayejua kusoma Kifaransa atasoma Kilatini bila taabu kubwa, ilhali anayejua Kilatini peke yake hatasoma Kifaransa kwa urahisi huo. Kisha alitoa hoja iliyo nzito kuliko zote. Watoto wa maskini hawakai shuleni muda mrefu. Wanatolewa mara tu wanapoweza kufanya kazi yenye ujira. Wakianzishwa kwa Kilatini, siku ya kutolewa kwao itawakuta hawajafika kwenye Kifaransa, na watatoka wakiwa na vipande vya Kilatini wasivyovielewa, na bila uwezo wa kusoma kitabu chochote kwa faida yao. Askofu alikubali.

Si kwamba wazo lenyewe lilikuwa geni. Comenius alikuwa amelitetea, na shule ndogo za Port-Royal, zilizofungwa mwaka 1660, zilikuwa zimelitekeleza. Lakini shule za Port-Royal zilikuwa za watoto wachache wenye wazazi wasomi. Kilichokuwa kipya kwa De La Salle ni kwamba alilihamisha suala hili kutoka katika falsafa ya lugha akaliweka katika kalenda ya mtoto wa fundi. Hakudai kwamba Kifaransa ni lugha bora kuliko Kilatini, wala hakukisifu kwa uzuri wake. Alihesabu miaka.

Kitabu chake juu ya uendeshaji wa shule, kilichotungwa pamoja na Ndugu wazoefu karibu na mwaka 1706 na kuchapishwa Avignon mwaka 1720, kinaonyesha hesabu hiyo ikifanya kazi. Mtoto anaanza na ubao wa herufi, anafuata ubao wa silabi, kisha kitabu cha silabi, kisha vitabu vya kusoma, vyote kwa Kifaransa. Zaburi za Kilatini zipo, kwa kuwa mtoto Mkatoliki hana budi kuzifuata kanisani, lakini huzifikia baada ya kusoma Kifaransa barabara. Baada yake kuna kitabu cha adabu, ambacho De La Salle alikitunga mwenyewe na kukichapisha mwaka 1703, na mwisho kuna karatasi zilizoandikwa kwa mkono, ili mtoto aweze kusoma miandiko ya watu halisi na si ya mitambo tu. Watoto wa kiwango kimoja hushika kitabu kimoja na kusoma pamoja, mmoja kwa sauti na wengine wakifuata kimyakimya, badala ya utaratibu wa kale ambapo mwalimu alimwita kila mtoto peke yake na waliobaki wakakaa bure. Mbinu hiyo nayo haikuwa uvumbuzi wake peke yake, lakini ni Ndugu walioifanya kuwa mazoea ya kila siku.

Linaloshangaza katika kitabu hicho ni kimya. Mwalimu wa lugha aliagizwa asiseme ila kwa lazima. Alishika mkononi chombo kidogo chenye kijiti cha kugonga, na kwa mgongo mmoja au miwili alimwambia mtoto aache, arudie, au aendelee. Mwanafunzi akikosea silabi, mwalimu hamsomei. Anagonga, na mtoto anarudi kuitafuta mwenyewe. Wengine wameona humo nidhamu ya kijeshi, na katika karne ya 19 baadhi ya shule za Ndugu zilistahili lawama hiyo. Katika maandishi ya mwanzo makusudi ni mengine: sauti inayopaswa kusikika darasani ni ya mtoto.

Sura inayohusu utoro inastahili kusomwa na kila mtunga sera. Haimlaumu mtoto kwanza. Inauliza kama mwalimu ni mkali au anachosha, kama wazazi wanamhitaji kazini, na kama wanaona kwamba mtoto amekuja siku nyingi bila kujifunza kitu. Jibu inalotoa kwa wazazi ni la faida: waonyeshwe kwamba asiyejua kusoma na kuandika hatafaa kwa kazi yoyote ya maana. Ndiyo sababu katika darasa la kuandika watoto wakubwa walinakili stakabadhi, hati za deni, mapatano ya kazi na mikataba ya kupanga nyumba. Mtoto wa mfuma sufu aliyeweza kuusoma mkataba wa baba yake alikuwa ameleta kitu nyumbani.

Na ni darasa hilo la kuandika lililowaletea Ndugu maadui. Paris, walikofika mwaka 1688 kufundisha katika parokia ya Saint-Sulpice, ufundi wa kuandika ulikuwa mali ya chama cha mafundi waandishi, waliolipwa ada na waliolindwa na sheria. Shule za hisani ziliruhusiwa kwa maskini waliothibitishwa kuwa maskini. Ndugu hawakuuliza. Walipokea kila aliyekuja, bila ada na bila zawadi, na bila shaka waliokuja hawakuwa mafukara peke yao. Mafundi wenye duka walileta watoto wao pia. De La Salle hakutaka mlango wa shule uwe mahali pa mtoto kuthibitisha ufukara wake mbele ya watu. Mafundi waandishi walishtaki, vifaa vikachukuliwa, na maamuzi ya mwaka 1704 na 1706 yalikwenda kinyume chake. Katika jambo hili sheria ilikuwa wazi na Ndugu waliivunja wakijua. Inafaa kuongezwa kwamba kanuni ya bure haikutumika kila mahali: huko Saint-Yon, karibu na Rouen, waliendesha tangu mwaka 1705 shule ya bweni iliyotoza karo kwa wana wa wafanyabiashara, ambamo hesabu na masomo ya biashara yalifundishwa kwa Kifaransa. Hilo lilikuwa elimu ya juu ya msingi bila Kilatini, kitu ambacho vyuo vya wakati ule havikukijua.

Shirika lilikaribia kufa zaidi ya mara moja. Mwaka 1691, Ndugu wengi wakiwa wamekufa au wamekwenda zao na mwanzilishi akiwa ametoka katika ugonjwa mkubwa, yeye na Ndugu wawili, Nicolas Vuyart na Gabriel Drolin, waliweka nadhiri kwa siri kwamba hawataachana hata kama watabaki watatu tu na kuishi kwa mkate mtupu wa kuomba. Vuyart baadaye aliondoka. Drolin alipelekwa Roma mwaka 1702, akakaa huko peke yake hadi mwaka 1728 akiendesha shule ndogo na kungoja wenzake. Mwanzilishi mwenyewe alivunjika moyo. Mwaka 1712, akiandamwa na kesi na kutiliwa shaka na baadhi ya watu wake, alikwenda kusini, na kwa muda akaonekana kama aliyejitenga na kazi yake. Kilichomrudisha ni barua ya Ndugu wakuu wa Paris ya tarehe 1 Aprili 1714. Hawakumsihi. Walimwamuru, kwa jina la shirika ambalo naye alikuwa ameliwekea nadhiri ya utii, arudi na kuushika uongozi. Aliitii barua hiyo, naye akafika Paris mwezi wa Agosti. Walimu ambao miaka 35 nyuma aliwaona chini ya mtumishi wake walikuwa sasa wanampa amri, na hakuna ushahidi mwingine unaoonyesha kwa uwazi zaidi kwamba neno ndugu halikuwa pambo.

Mwaka 1717 Ndugu Barthélemy alichaguliwa kuwa mkuu. De La Salle alikufa Saint-Yon siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1719, akiacha Ndugu wapatao 100. Hati ya Mfalme Louis XV ilitolewa mwaka 1724, na Papa Benedikto XIII aliithibitisha Kanuni kwa hati ya tarehe 26 Januari 1725. Mwaka 1900 alitangazwa mtakatifu, na mwaka 1950 akawa msimamizi wa walimu wote.

Mwanahistoria wa lugha, hata hivyo, ana swali la kuuliza ambalo hati hizo hazilijibu. Hoja ya De La Salle ilisimama juu ya mtoto anayeelewa Kifaransa. Huko Reims na Paris hilo lilikubalika, ingawa usemi wa mitaani ulitofautiana na wa vitabuni. Lakini Ndugu walifika Avignon mwaka 1703 na Marseille mwaka 1706, miji ambamo maskini walisema Kiprovansali. Kwa mtoto wa mvuvi wa Marseille, Kifaransa cha kitabu kilikuwa nacho lugha ya wengine, na njia iliyomkomboa mtoto wa Champagne ilimkuta yeye bado ng'ambo. Hata karibu na mwisho wa karne ya 18, Henri Grégoire katika ripoti yake ya mwaka 1794 alikadiria kwamba Wafaransa wasiopungua milioni 6 hawakukijua Kifaransa, na shabaha ya ripoti hiyo ilikuwa kuziangamiza lahaja zao, si kuzitumia. Ndugu wenyewe walikuwa wamepigwa marufuku mwaka 1792. Walirudishwa chini ya Napoleon, na katika karne ya 19 shule zao zilieneza Kifaransa cha serikali pamoja na shule nyingine zote.

Aliyeichukua hoja ya mwanzilishi mpaka mwisho wake alikuwa Ndugu Savinien, mwalimu wa Provence. Katika miaka ya 1870 alichapisha vitabu vya mazoezi ambamo mtoto alianza na matini ya Kiprovansali na kuihamisha katika Kifaransa. Alisema kwamba lugha ya nyumbani ni ngazi ya kupandia kwenye lugha ya taifa. Mwanaisimu Michel Bréal alimwunga mkono. Serikali haikumsikia.

Marekani kanuni ileile ilipata balaa la kinyume. Ndugu waliofundisha huko katikati ya karne ya 19 walikuta wahamiaji Wakatoliki, wengi wao Waairishi maskini, ambao wana wao wasingeingia seminari, sheria wala uganga bila Kilatini. Kwa maombi ya maaskofu walianza kukifundisha, na vyuo vyao vya New York, Philadelphia na Saint Louis vikakua juu ya msingi huo. Wakubwa wa shirika huko Paris waliiona herufi ya Kanuni imevunjwa. Karibu na mwaka 1900 Kilatini kilikatazwa na viongozi kadhaa wa vyuo hivyo wakahamishwa. Sheria iliyotungwa ili mtoto wa maskini asipotezewe miaka yake sasa ilikuwa inamzuia mtoto wa maskini asipande. Maaskofu wa Marekani walilalamika Roma, hawakusikilizwa. Ilichukua zaidi ya miaka 20, mpaka mwaka 1923, Papa Pius XI alipoiondoa marufuku hiyo kwa shirika zima.

Suala la upadre halikuguswa mwaka huo. Lilifika mbele ya mkutano mkuu wa shirika wa mwaka 1966 na 1967, uliokaa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wakati ambapo Roma yenyewe ilikuwa tayari kuruhusu mashirika ya mabradha kuwapa upadre baadhi ya watu wao. Ndugu walijadili, wakakataa.